Chumvi ya Jirani

Daktari alisema na mimi, hakusema naye. Hapo ndipo damu yangu ilipoanza kuchemka, na sidhani kama imepoa hadi leo. Aliyekaa kwenye kiti alikuwa mume wangu. Mkono uliofungwa kile kitambaa kinachojazwa upepo ulikuwa wa mume wangu. Presha ilikuwa ya mume wangu. Lakini yule daktari wa Kasese alipokwisha kusoma namba zake na kutikisa kichwa, alinigeukia mimi niliyesimama mlangoni na mkoba wangu.

"Mama, punguza chumvi. Punguza mafuta. Mupikie mboga ya dodo, maharagwe, matunda. Ukicheza na hii kitu, mzee ataanguka."

Mzee mwenyewe alikuwa anatazama nje dirishani, kana kwamba habari ni ya mtu mwingine.

Kuanguka nilikuwa nimekwisha kukuona. Kaka yake mume wangu alianguka shambani kwao Teso, na tulipokwenda kumjulia hali tulimkuta amelala kwenye mkeka, upande mmoja wa mwili umekufa, mkewe anamlisha uji kwa kijiko na kumfuta kidevu. Alikuwa mwanamume wa kubeba gunia la mihogo peke yake. Nilimsaidia yule mama kumgeuza, na mzigo ule bado nausikia mikononi. Kwa hiyo daktari aliposema "ataanguka", mimi niliona kijiko.

Tulipotoka pale, kabla hatujafika hata barabarani, mume wangu alinishika kiwiko.

"Mama watoto, hii maneno ya presha ibaki ya sisi wawili. Mutu yeyote wa kambi asijue."

"Juu ya nini?"

"Wakijua, watanitoa kwa patrol. Wataniweka geti, nikuwe nafungulia mbuzi."

Mume wangu ni polisi. Ana sauti ambayo ikitoka siku ya vurugu pale mpakani Mpondwe, watu hutawanyika kabla hawajamwona mwenye sauti. Na mtu huyo aliogopa geti kuliko alivyoogopa kijiko. Nikamwambia, mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema nisimletee mambo ya kanisani. Methali ile si ya kanisani, lakini mimi ni Mkatoliki wa Butembo, Kongo, na kwake yeye kila neno zito ninalosema limetoka kwa padri.

Basi nikaanza kupika.

Naomba niseme jambo kuhusu ushauri wa chakula bora. Redioni kuna mama mmoja mwenye sauti laini anayetufundisha sisi wenye familia na kazi. Familia ikae mezani pamoja, anasema. Meza ipi? Nyumba yetu katika kambi ya polisi ya Bwera ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia ni kitanda, mbele ya pazia ni kila kitu kingine, pamoja na watoto. Mboga zisiive kupita kiasi, anasema. Mimi nauza vitenge soko la mpakani. Alfajiri niko njiani na mzigo, maana wateja wangu wa Kongo wanavuka mapema, na jioni narudi miguu inawaka, mkaa umelowa, watoto wanauliza chakula kabla hawajaniamkia. Ningependa siku moja huyo mama aje na sauti yake laini akae mbele ya jiko langu, apulize.

Tabu kubwa ilikuwa maharagwe. Huku kwetu mwenye haraka hutia magadi yanayochotwa ziwa la Katwe, na maharagwe hulainika upesi. Lakini daktari alisema magadi nayo ni chumvi iliyopita mlango wa nyuma. Bila magadi maharagwe yanakula mkaa na muda, na mimi vyote viwili sina. Nikakumbuka alivyofanya mama yangu Butembo na blanketi kuukuu. Nikawa nayaloweka maharagwe, asubuhi nayachemsha sawasawa mpaka yabubujike kwa muda wa kutosha kuwaogesha watoto na kuwavisha, kisha naitoa sufuria na kifuniko chake, naiviringisha kwa mabaki ya vitenge, safu juu ya safu, naitia kwenye boksi la katoni na kuziba juu kwa mto wa zamani. Joto likishafungwa hivyo, maharagwe yanaiva yenyewe mchana kutwa, bila moto wala mtu. Jioni nafungua, nakaanga vitunguu, nyanya na tangawizi kwa mafuta ya kijiko kimoja, naongeza karanga za kusaga, na mwishoni nakamua limau. Dodo, yaani mchicha, ambayo sisi Wakongomani twaiita lengalenga, naitia ikiwa bado mbichi mbichi. Parachichi nazipata kwa akina mama wanaoshuka na vikapu kutoka Kyondo.

Binti yetu mkubwa alionja akakunja uso.

"Mama, hii inakosa kitu."

"Ndiyo. Inakosa chumvi. Kula."

Watoto walinung'unika, wakazoea. Baba yao hakunung'unika kabisa. Alikula kila nilichomwekea, akafuta sahani kwa ugali, akashukuru. Ningepaswa kujua nilipoona shukrani ile kwamba kuna jambo. Mwanamume aliyelelewa kwa chumvi haachi chumvi akishukuru.

Tuliporudi Kasese kupimwa, presha ilikuwa pale pale. Daktari alishusha pumzi na kunitazama.

"Mama, bado unaweka chumvi?"

Sijui nilimjibu nini. Najua nilichotaka kumjibu, na hakiandikiki.

Jioni hiyo mume wangu alimaliza chakula changu, akasimama, akasema anakwenda kunyoosha miguu kidogo. Alikuwa akisema hivyo kila jioni. Nikamwacha atangulie, nikatoka nyuma yake kama mtu anayekwenda bombani kuchota maji. Kumbe miguu ilikuwa haina shida, alichokwenda kunyoosha ni mkono.

Mtu asiyeishi kambini inabidi aelezwe. Nyumba zetu ni safu mbili zinazotazamana, baraza kwa baraza, na kila mtu anapikia nje. Kuna watu wa Acholi, wa West Nile, wa Buganda, wa Karamoja, na sufuria ya kila mmoja inajulikana kwa harufu. Anayepika kitu kizuri hutuma sahani kwa jirani, na sahani hairudi tupu. Anayepita watu wakila huitwa karibu, naye hunawa hata kama ameshiba, akaonja hata tonge moja. Asipoonja, wenye chakula wataulizana amesikia nini juu ya sufuria yao. Huku mpakani hadithi za sumu ni nyingi, na kukikataa chakula cha mtu ni kumshtaki bila kufika kituoni.

Mume wangu hakumshtaki mtu. Alionja nyama kwa Waacholi. Alionja muhogo wa kukaanga kwa Waganda. Akaishia baraza la jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mke wa sajini, mama wa West Nile, mpishi hodari kuliko sisi sote, na hilo nalisema bila kulazimishwa. Samaki wake wa chumvi, anayempika kwa karanga na mafuta mengi, anaweza kumtoa mtu kitandani akiwa na malaria. Nikamwona mume wangu anajilamba vidole. Ndoo yangu ilikuwa imejaa, inamwagikia miguuni.

"Nitakataa namna gani?" alisema tulipofika nyuma ya pazia. "Nikikataa watauliza."

"Wakiuliza, ubaambie daktari amekataza."

"Hapana."

"Unataka kulala chini kama kaka yako? Mimi sitaki kukulisha na kijiko!"

Akageukia ukutani.

Kwa kuwa yeye hakuweza kukataa, nikaamua nitazuia kule chakula kinakotoka. Kesho yake nilimwendea jirani. Alikuwa anaparua samaki. Nikamwambia kwa adabu zote nilizo nazo, "Mama, nakuomba, usimupatie tena baba ya batoto chakula."

Aliacha kisu. "Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

"Chakula yangu iko na nini?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini halikuwa langu. Nilisimama pale nikisema nakuomba, nakuomba, nami naona uso wa mwanamke aliyenikopesha mkaa, aliyekaa na watoto wangu nilipougua, unafungwa mbele yangu. Akasema sawa, akaendelea na samaki wake.

Sahani yake ya bati yenye ukingo wa buluu ilikuwa bado kwangu. Nikaijaza maharagwe, nikamtuma binti airudishe. Alirudi nayo vile vile.

"Anasema nikwambie, mama, yeye ameshiba."

Basi sahani ikakaa kwenye rafu yetu. Kila nikifagia nyumba naiona, na sikuweza kuirudisha tupu wala kuirudisha imejaa.

Baada ya hapo mabaraza mengine nayo yaliacha kumwita mume wangu karibu, maana habari kambini haihitaji miguu. Nilitarajia hivyo, na nilifikiri nimeshinda. Kisha binti alirudi kutoka bombani amenuna, akasema wanawake wanasema Mkongomani amemfunga bwana yake. Hataki ale kwa watu, wanasema, kwa sababu dawa yake haipendi kuchanganywa na chakula kingine. Na kila asubuhi anafunga sufuria kwa vitambaa vya kwao, anaiweka ndani ya boksi, hapana moto, na jioni chakula iko tayari. Chakula gani inaiva bila moto?

Maharagwe! Nilitaka kupanda juu ya bati na kupiga kelele kwamba ni maharagwe, na vitambaa vya kwetu ni mabaki ya vitenge ambavyo nusu ya wanawake hao wameshonea nguo.

Nilimsimulia mume wangu. Alicheka kwanza. Alipoona mimi sicheki, akasema, "Waache tu. Watachoka."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Wanawake walikuwa wananinyamazia bombani, watoto wangu waliitwa nyumbani wakati wenzao wanaendelea kucheza, na dawa ya yote ilikuwa maneno matatu kutoka kinywani mwake. Hakuyasema. Alikubali mimi niwe mchawi ili yeye asiwe mgonjwa. Nilimpikia hivyo hivyo, nikiwa nimemkasirikia, kwa sababu hasira haikuondoa hofu. Nilikuwa naamka na kusikiliza kama anapumua.

Jumamosi moja asubuhi, nilipokuwa nimemaliza kuvika sufuria yangu vitenge, konstebo mmoja alikuja mlangoni bila kuniangalia usoni.

"Mama, afande anakuita. Anasema ukuje na ile boksi."

Nikalibeba boksi. Nilipita katikati ya zile safu mbili, na kila mtu ghafla akawa na safari ya kuelekea huko huko, huyu na ndoo, yule na mtoto, mwingine hana hata kisingizio. Mkuu wa kituo alikuwa amekaa barazani kwake. Ni mtu mkubwa, tumbo lake hukaa juu ya mkanda, na anasema na raia na askari kwa sauti moja. Mke wa sajini alikuwa amesimama pembeni, amefunga mikono kifuani, na mumewe sajini nyuma yake. Mume wangu alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, kama yuko gwaride.

"Wewe mama! Weka chini. Fungua hii kitu."

Nikapiga magoti, nikatoa mto. Nikafungua kitenge cha kwanza, nikakikunja vizuri maana ni mali, nikafungua kinachofuata.  Nilipofika kwenye sufuria na kuinua kifuniko, mvuke ukapanda usoni kwangu.

"Iko nini?"

"Maharagwe, afande."

Akainama, akatazama. "Inapikwa na nani?"

"Na joto, afande. Nachemsha kwanza na moto, kisha nafunga ile joto isitoke. Mimi nashinda soko."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamazishwa.

"Sasa kwa nini unakataza majirani kupatia bwana yako chakula? Hapa tunaishi watu ya mahali yote. Sitaki maneno ya sumu kwa kambi yangu. Jibu!"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama mbele, pale pasipo na kitu, kama alivyotazama dirishani Kasese. Nilijua nikisema mimi, jioni atasema nimemuuza, na kesho atakula samaki wa chumvi ili kuwaonyesha watu kwamba mke wake ni mwongo. Kama nilikuwa nimebeba jina la mchawi kwa ajili yake, basi nililibeba mpaka hapo tu.

"Afande, mumuulize yeye mwenyewe. Eko pale."

Akamgeukia mume wangu. "Konstebo! Jibu."

Midomo yake ilicheza. Jasho lilitoka kwenye ukingo wa kofia likashuka shavuni, na hakulifuta. Nikaogopa kwamba ataanguka pale pale, mbele ya sufuria yangu, na nitakuwa ndiye niliyemwangusha. Nikaomba, safari hii kweli mambo ya kanisani.

Alisema kitu ambacho hakuna aliyekisikia.

"Sauti!"

"Niko na presha, afande! Daktari amekataza chumvi. Mama anafuata amri ya daktari tu."

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Mkuu wa kituo alimtazama mume wangu, akatazama maharagwe, akaweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe.

"Wewe pia?" alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

 Kisha sajini, nyuma ya mkewe, alikohoa.

"Na mimi, afande. Huwa naenda kuchukua dawa Kasese. Hapa nasema naenda kuona ndugu."

Mke wa sajini aligeuka polepole. Mikono yake ikafunguka kutoka kifuani, ikaning'inia tu. Alimtazama mumewe, mtu ambaye yeye alikuwa akimlisha samaki wa chumvi kila siku kwa mapenzi yake yote, na ule uso niliufahamu. Ndio uso niliokuwa nauona kwenye kioo changu.

"Ndugu gani?" alimwuliza. "Wewe, ndugu gani?"

Mkuu wa kituo alitufukuza wote, akasema maharagwe yarudi kwenye boksi kabla hayajapoa.

Jioni jirani alikuja kwangu. Hakuomba radhi, na mimi sikumwomba. Alikaa kwenye kiroba cha mkaa akasema, "Nionyeshe vile unafunga." Nikamwonyesha. Nikampa mabaki ya vitenge ya kutosha, nikamjazia sahani yake ya buluu maharagwe ya karanga, na akaichukua. Alionja papo hapo kwa kidole, akafikiri kidogo, akasema limau iingie mapema na simsim ingefaa kuliko karanga. Amekuwa sahihi, na hilo nalo linanikera.

Na ndiyo, mume wangu aliwekwa geti. Anafungulia watu, magari, na mbuzi. Alinuna wiki nyingi, akasema nimemmalizia kazi, na mimi nikamjibu kwamba mbuzi hawajawahi kumpandisha mtu presha. Siku hizi amegeuka mwalimu. Askari wapya wakipita anawasimamisha na kuwaeleza hatari ya magadi, kana kwamba yeye ndiye aliyeyapeleka Katwe. Anasema "sisi tunapika kwa limau". Sisi! Mwiko hajaushika tangu tuoane.

Tulirudi kwa daktari. Alifunga mkono, akajaza upepo, akasoma, akasoma tena. Imeshuka. Safari hii hakugeuka mlangoni nilikosimama na mkoba wangu. Alimpa mume wangu mkono.

"Hongera, mzee. Umejitahidi sana."

Na mzee akaipokea hongera yote, hakubakisha.

Nilirudi Bwera nimefura. Nilikuwa bado nimefura jioni hiyo, nakata dodo kwa fujo mbele ya jiko, wakati mgeni mmoja, mke wa askari aliyehamishiwa kwetu juzi juzi, alipopita kwenda getini na sahani iliyofunikwa. Alikuwa amekaanga nyama na alitaka kujulikana kwa majirani, kama sote tulivyotaka tulipofika. Mafuta niliyasikia harufu kutoka nilipokaa. Nikaacha kisu. Nilimwona mume wangu anapokea sahani kwa mikono miwili, anafunua, anainamisha pua. Alikaa hivyo kwa muda, na mimi nilikuwa mbali, mwisho wa safu, sikuwa na la kufanya.

Kisha nikaisikia ile sauti ya Mpondwe, ya kutawanya watu, na kila baraza likaisikia.

"Mama, hii iko na chumvi?"

"Iko, afande. Iko nzuri."

Akaifunika, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Asante sana, mama. Mimi ni mugonjwa. Sitakula."

Nilikaa chini pale pale kwenye kiroba cha mkaa, dodo mkononi, na binti yangu akaniuliza kama nimejikata.